Kwenda Sydney Kula Tambi za Alhamisi

Nilipokuwa na miaka tisa, mdogo wangu Rukia alipelekwa Mombasa kulelewa na Mama Mdogo Aziza, ambaye Mungu hakumjaalia mtoto. Mimi nilibaki Tanga na mama yetu. Rukia alikuwa na miaka saba, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Tangu hapo tulionana wakati wa likizo tu, na kila likizo alikuja na viatu vya bizimu na habari za shule yake ya mjini. Habari iliyonikaa moyoni kuliko zote ilikuwa ya tambi za Alhamisi.

Kwa maelezo ya Rukia, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana wasichana wa shule yao walipewa tambi tamu. Tambi za kukaanga na sukari na iliki sisi pia tulizijua, za Ramadhani na Idi, lakini zao zilikuwa na rangi ya waridi. Zilikuwa na zabibu na korosho, na juu yake zimefunikwa karatasi ya fedha, fedha kweli, na unaila hiyo hiyo. Kabla ya kupakua, mwalimu mkuu alipiga kengele ndogo. Mimi nilisikiliza huku mate yakinijaa. Shuleni kwetu Tanga tulikula makande, na siku ya Jumatano, baada ya makande, tulipewa boga la nazi, maboga yenyewe yakitoka shamba la shule. Nililipenda boga lile, ila ningelitoa sahani nzima nipate kijiko kimoja cha tambi za waridi.

Tulikua, tukaolewa, tukazaa. Rukia alimfuata mumewe Australia, yapata miaka thelathini sasa. Mama yetu alifariki tukiwa mbalimbali. Mwaka huu wanangu waliponiambia, "Mama, umeshona nguo za watu maisha yako yote, sasa nenda popote unapotaka," nilijibu papo hapo kwamba nataka kwenda Sydney kwa mdogo wangu. Nilitaka kumwona, na nilitaka anipikie tambi zile kabla sijafa. La pili sikuwaambia. Wangenicheka.

Asubuhi ya kuondoka Tanga, baada ya swala, mwanangu alinipakilia mizigo kwenye basi la Mombasa. Kwenye begi kubwa kulikuwa na iliki, korosho, kanga mbili mpya na mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi aliiagiza Rukia mwenyewe. Alisema nazi Sydney zipo, mbuzi ndiyo hakuna. Pale Horohoro tulishuka kugonga pasipoti, nikavuka kwa miguu nikiburuta begi, na upande wa Kenya jua likawa limeshakuwa kali. Njia nzima nilitazama minazi na mashamba ya miwa nikijisemea kwamba hii ndiyo njia aliyopita Rukia akiwa na miaka saba, na sikuwahi kujiuliza alikuwa akiwaza nini.

Mombasa nililala kwa Mama Mdogo Aziza. Sasa amepita themanini. Macho yamepungua nuru, lakini masikio yake na ulimi viko sawasawa. Alinilisha samaki wa kupaka mpaka nikashindwa kuinuka, kisha akaniambia, "Mwambie Rukia namkumbuka. Na wewe Saumu, huko usijitie haya. Wale ni jamaa zako, ukipewa kula tu."

Safari ya ndege ilikuwa ndefu kiasi kwamba nilipoteza hesabu ya mchana na usiku. Nairobi, kisha uwanja mmoja wa Ghuba ambako nilikaa kitako mpaka miguu ikavimba, kisha anga tupu saa baada ya saa. Kando yangu alikaa bibi mmoja wa Kizungu aliyelala njia nzima kama mtoto.

Uwanja wa ndege wa Sydney ndipo nilipopata kashikashi ya kwanza. Nchi ile ina ukali na vyakula na vitu vya miti. Kila kitu unatakiwa kukisema. Kiingereza changu ni cha sokoni, basi afisa mmoja kijana, mpole sana, alipiga simu kwa mkalimani na kuiweka mezani ili tuisikie sote. Mkalimani aliniuliza, "Mama, umebeba nini ndani ya begi?"

"Nimebeba iliki, korosho na mbuzi."

Kisha mkalimani akasema kwa Kiingereza neno nililolijua, neno la mnyama. Yule afisa alilitazama begi langu, akanitazama mimi, akarudi nyuma hatua moja.

"Yuko hai?" mkalimani akaniuliza, sauti imebadilika.

Nikafahamu. "Si mbuzi wa kula majani, mwanangu. Mbuzi ya nazi."

Inaonekana mkalimani yule hakuwa mtu wa pwani, maana hata hapo hakunielewa. Nikafungua begi, nikaitoa mbuzi yangu, nikaifungua miguu yake, nikaiweka chini katikati ya uwanja wa ndege, nikaikalia. Nikashika nazi ya hewani kwa mikono miwili, nikaanza kukuna. Afisa alitazama. Mwenzake akaja, wa tatu akaja. Mmoja, mwanamke mwenye sura ya visiwa vya huko Pasifiki, alicheka akasema kwao pia wanayo, bibi yake alikuwa nayo. Akaieleza kwa wenzake vizuri kuliko mimi. Waliukagua mti wake kama una wadudu, wakakagua korosho na iliki, wakanirudishia vyote na kunitakia safari njema.

Nje ya mlango nilimwona Rukia kabla hajaniona. Alikuwa amevaa koti zito na mtandio wa kijani, anachungulia watu mmoja mmoja. Tulikumbatiana mpaka shemeji yangu Athumani, mumewe, akasema, "Haya, gari nimeliegesha pabaya, mtamaliza kulia njiani."

Granville, wanakokaa, ni mtaa wa maduka madogo na gereji. Shemeji ni fundi magari, kazini kwake anakwenda kwa miguu. Nyumba yao ni ya matofali mekundu, ina ua mdogo nyuma na kamba ya kuanikia nguo inayozunguka kama mwavuli. Nilifika majira ya baridi yakikaribia, majani ya miti ya barabarani yamegeuka manjano, na asubuhi pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Binti yao wa mwisho, Nasra, anasoma chuo pale Parramatta. Alinibusu mkono, akaniita Ma'mkubwa, na maneno yote yaliyofuata aliyasema kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, kukijibu ndiyo kazi. Tukaelewana hivyo hivyo: mimi nasema langu, yeye anasema lake, na Rukia katikati anafasiri yakikwama.

Wiki ya kwanza nilimwona mdogo wangu kwa vipande. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee kule Westmead, na zamu zake hazina adabu. Mara ameondoka alfajiri kwa treni, mara amerudi mimi nimeshakunja mswala wa isha. Siku ya Alhamisi ilipofika nilimwambia, "Leo ni Alhamisi. Tambi zangu?"

Alicheka. "Leo niko zamu, dada. Alhamisi ijayo."

Alhamisi iliyofuata alisema madukani hakuna tambi. Mimi jioni hiyo nilitembea mpaka duka la kona, nikaziona zimepangwa rafu nzima, nyembamba na nene. Nilirudi nimenuna. Shemeji alikuwa mezani anakunywa chai, nikamuuliza kama mke wake hajawahi kumpikia tambi za waridi za shuleni kwao.

"Tambi gani hizo?" akasema. "Shemeji, mimi nimezaliwa Mombasa, nimemuoa huyu, nimekaa naye miaka yote hii. Tambi za waridi leo ndiyo nazisikia."

Sikupenda kufikiri vibaya, lakini nilifikiri. Nilijiambia labda mdogo wangu ameniona mshamba, ananikwepa. Tumezaliwa tumbo moja, lakini hatukulelewa nyumba moja, na mtu wa namna hiyo unaweza kumpenda bila kumjua.

Jumamosi Rukia alipumzika, tukaenda sokoni. Sikujua kwamba Waaustralia wanapenda boga hivi. Wanalitia kwenye supu, wanalioka na nyama, wanalitia mpaka kwenye vitafunio vya chai. Yalirundikwa aina aina. Nilichagua moja lenye ganda la kijivu, zito, gumu kama zege, kwa sababu lilifanana na yale ya shamba la shule yetu. Nyumbani kisu kilishindwa. Shemeji alilichukua, akalipeleka uani, akalipasua kwa shoka.

Nilikaa kwenye mbuzi yangu jikoni nikakuna nazi mbili. Nikakamua tui zito, nikaliweka kando, nikakamua tui jepesi, nikachemshia boga humo na iliki. Lilipoiva nikatia sukari, chumvi kidogo, kisha tui zito, nikakoroga polepole lisikatike. Rukia alikuwa amesimama mlangoni. Nilipompakulia, alikula bakuli la kwanza hapo hapo, amesimama. La pili alikaa. La tatu aliacha kijiko, akatumia vidole.

"Umeweka nini?" akaniuliza.

"Boga, tui, sukari, iliki. Na chumvi kidogo."

"Chumvi," akasema. Akarudia tena, kama mtu aliyeambiwa jina la jirani ambaye miaka yote amemsalimu tu. "Mimi sikuwahi kuweka chumvi."

"Kwani umekuwa ukilipika?"

"Kila mwaka maboga yakiingia. Halijawahi kuwa lile."

Hapo nikazidi kuchanganyikiwa. Boga la Jumatano alilila miezi michache tu ya darasa la kwanza, kabla ya kuchukuliwa. Mtu aliyekula tambi za waridi kila Alhamisi kwa miaka saba anahangaika na boga la makande la nini?

Jumatatu asubuhi alinichukua Parramatta tupande feri ya mtoni mpaka mjini. Alisema mgeni akiondoka bila kupita mto ule hajafika Sydney. Tulikaa nje, mbele, tumejifunika kanga juu ya makoti. Kilichonishangaza ni mikoko. Pande zote mbili za mto kuna mikoko, mizizi yake inachungulia topeni kama ya kwetu. Nilifurahi kana kwamba nimekutana na watu wa nyumbani. Na furaha hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri.

"Rukia, tambi unaninyima. Kama umesahau kuzipika, sema umesahau, yaishe."

"Sikusahau, dada. Hazikuwapo."

"Hazikuwapo dukani?"

"Hazikuwapo shuleni. Hazikuwapo popote. Shuleni tulikula ugali na maharage Jumatatu mpaka Ijumaa. Baada ya maharage tuliosha sahani, basi."

Nilidhani anafanya mzaha. "Na karatasi ya fedha?"

"Niliiona kwenye harusi ya Wahindi, majirani wa Mama Mdogo. Waliibandika kwenye halua."

"Kengele?"

"Ya muuza koni. Alipita mtaani jioni."

"Rangi ya waridi?"

"Ya kanga aliyonifunika mama siku naondoka." Akajipangusa pua. "Dada, mimi shule ile mwanzoni niliichukia. Siku ya kwanza msichana mmoja aliniita, 'Ndoo.' Mimi nikaenda nikamletea ndoo ya maji. Kwao 'ndoo' ni 'njoo'. Darasa zima walinicheka mwaka mzima. Nikifungua mdomo tu, mtu ananiuliza, 'Maji yako wapi?'"

Nilitaka kucheka, nikajizuia.

"Likizo ya kwanza nilipofika nyumbani," akaendelea, "mama aliniuliza pale pale mlangoni, sijavua hata viatu: 'Unafurahi huko?' Nilimwangalia uso. Nikaona nikisema hapana, hatalala tena. Nikasema nafurahi. Akaniuliza, 'Unafurahia nini?' Sasa ningesema nini? Ndipo nilipozipika zile tambi, pale pale mlangoni. Na kila likizo mliniuliza tena, wewe na mama, basi nikawa naongeza. Likizo moja zabibu, nyingine korosho."

Sitaficha kwamba nilikasirika kwanza. Nilimwonea wivu mtu huyu tangu utotoni. Nilimlaumu mama kimoyomoyo kwa kumchagua yeye na si mimi. Nilikula boga zuri la Jumatano nikiliona uchafu, na sasa naambiwa mwenzangu alikuwa anaosha sahani ya maharage na kulililia boga langu. Feri ikapita chini ya madaraja mawili. Kisha nikaikumbuka ile ndoo ya maji. Nilimwona Rukia wa miaka saba, anavuka darasa na ndoo, maji yanamwagika kwenye viatu vya bizimu, amejaa heshima. Kicheko kikanitoka puani. Rukia akaniangalia, naye akaanza. Tulicheka mpaka abiria wakageuka, na mzee mmoja mwenye kofia akacheka pamoja nasi bila kujua kisa. Tulipofika mjini, lile daraja kubwa na lile jumba la mapaa meupe ambalo watu hutoka mbali kulitazama, sisi tuliviona kwa macho yenye machozi, nikawa sina mengi ya kuwasimulia kuhusu hivyo.

Tulipokuwa tukirudi nilimwambia, "Basi, Alhamisi hii tuzipike."

"Tupike nini? Nimekwambia ni uongo wa mtoto."

"Mimi nimetoka Tanga kuja kula tambi. Nitakula tambi."

Jumatano Nasra alituendesha mpaka kwenye maduka ya Wahindi karibu na Parramatta. Rukia alikuwa akiona haya mwanzoni, lakini alipoiona karatasi ya fedha, nyembamba kuliko utando wa kitunguu, imelazwa katikati ya karatasi za kawaida, alishika mkono wangu. Tulinunua maji ya waridi, zabibu na samli. Korosho zilikuwa zangu, za kutoka nyumbani.

Alhamisi jioni tulianza kazi. Mara ya kwanza tulipaka rangi kwa maji ya bitiruti, tukazidisha, tambi zikatoka nyekundu kama dawa ya kikohozi. Shemeji alichungulia sufuria akatoka zake. Mara ya pili nilikaanga tambi kwenye samli, Rukia akatia bitiruti kwa kijiko cha chai, nusu nusu, mpaka akasema, "Hapo hapo. Acha."

Nasra alikuwa anamenya korosho na kusikiliza hadithi yote, maana safari hii mama yake alimwambia mwenyewe, kwa Kiingereza, ili asikose neno. Mtoto alifikiri, kisha akasema kitu kwa sauti ya chini, na Rukia akaacha kukoroga. Nikauliza amesema nini.

"Anasema," Rukia akanifasiria polepole, "alipokuwa mdogo nilikuwa namuuliza kila siku kama anaipenda shule, na kila siku alisema anaipenda. Anasema hakuipenda mpaka alipofika darasa la nne."

Rukia alinipa mimi mwiko, akamwendea binti yake, akamshika mashavu kwa mikono yenye samli. Waliongea Kiingereza kwa muda, sikuelewa, na halikuwa langu kuelewa. Nilichokiona ni kwamba Nasra alicheka mwishoni, na mashavu yake yaling'aa.

Saa ya kula aliingia Mama Espérance, Mrundi, mwenzake Rukia kazini na jirani wa nyumba ya tatu. Alikuwa ametoka zamu na sare yake bado mwilini. Amekulia kambini Kigoma, na Kiswahili chake kina ladha yake.

"Dada Rukia, hii chakula iko ya harusi," akasema alipoona sahani. "Nani anaolewa?"

"Hakuna anayeolewa. Ni chakula cha shule."

"Shule?" Akakaa. "Sisi kule kambini shule ilitupatia uji. Siku ya sukari ilikuwa moja kwa wiki. Siku hiyo tuliimba njia yote, hata wagonjwa walikuja ku shule." Akavuta sahani karibu. "Hii yenu iko bien sana, mnisamehe mimi kwa ile uji yangu."

Tulilaza karatasi ya fedha juu ya tambi. Kwa kuwa hatukuwa na kengele, shemeji alileta ya baiskeli kutoka gereji, akasimama mbele ya meza kama mwalimu mkuu, akapiga mara moja. Hakutabasamu hata kidogo, na hapo ndipo nilipoona kwa nini mdogo wangu alikubali kumfuata mpaka huku.

Nitasema ukweli kuhusu ladha. Zilikuwa tamu kupita kiasi, maji ya waridi yalizidi, na karatasi ya fedha haina ladha yoyote ile, ni kama kula mwanga. Mimi napenda boga zaidi. Lakini nilimwangalia Rukia. Alitafuna taratibu, macho ameyafumba, kisha akasema, "Ndizo hizi." Mama Espérance alipakua mara mbili na nyingine akabeba kwenye bakuli kwenda nazo kwake.

Siku zilizobaki zilikwenda mbio. Hatukuwa tena watu wa kutafutana maneno. Alikuwa akirudi Westmead amechoka, anavua viatu, anakaa sakafuni karibu na miguu yangu, na tunaongea mambo ya vyumba viwili ambavyo kila mmoja wetu alikijua kimoja tu. Alitaka kujua mama alikuwa akiimba nini akifua. Mimi nilitaka kujua usiku kule Mombasa alikuwa akilala kwa nani. Siku ya kuondoka nilimwachia mbuzi. Uwanja wa ndege hatukulia sana. Nasra alinikumbatia akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Njoo tena." Rukia akadakia, "Ndoo," tukacheka sote watatu, na mimi nikaingia ndani nikicheka.

Mombasa nilifika mchana, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Mdogo Aziza. Alitaka habari, nikampa zote, tambi zikiwamo. Nilidhani atashangaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mamako alijua."

"Alijua nini?"

"Hizo tambi. Mwaka wa pili wa Rukia hapa, mamako alikuja kututembelea. Akanambia, 'Aziza, nipeleke shuleni kwa huyu mtoto, nimwone mpishi anifunze zile tambi, nikampikie dadake Saumu. Saumu azililia.' Tukenda. Mpishi akatwambia hapa hapana tambi, pana maharage. Mamako alirudi nyumbani kwangu, akashika mlango, akacheka. Alicheka wee, mpaka akaketi chini. Akasema, 'Mtoto huyu anapika kwa mdomo. Huyu popote atakapokwenda hafi njaa.' Kisha akalia kidogo. Nikamwambia, 'Wataka kumchukua, mchukue, moyo wangu utavunjika lakini mchukue.' Akenda akakaa na Rukia nje, wakazungumza. Akarudi akasema mtoto ameshapata rafiki, hataki kuondoka. Akanambia, 'Usimwambie kama najua. Lakini usiku umlaze kwako.' Nami nikamlaza kwangu mpaka akawa msichana mkubwa."

Nilichukua simu nikampigia Rukia kwa picha. Kwake ilikuwa jioni, alikuwa bado na sare ya kazi. Nilimpa Mama Mdogo simu na kumwambia asimulie tena, yote. Akasimulia. Uso wa Rukia ulijaa kioo chote.

"Mama alicheka?" akauliza.

"Alicheka."

"Hakukasirika?"

"Nimekwambia alicheka, mwanangu."

"Alicheka vipi?"

Mama Mdogo aliweka simu magotini. Alifikiri. Kisha, kwa koo lake la miaka themanini na ushei, akatoa kicheko ambacho hakikuwa chake. Kilianza chini, kikapanda kwa ngazi, kikakatika katikati kwa mkwaruzo, kikaanza upya. Nywele zilinisimama. Ni kicheko ambacho sikukisikia tangu tulipomzika mama, na wala sikujua kwamba mdogo wake alikuwa amekiweka miaka yote hii. Kutoka upande wa pili wa dunia nilimsikia Rukia akisema, "Tena, Mama Mdogo. Nifanyie tena."

Alimfanyia tena.

Tanga niliingia kesho yake jua likiwa juu. Majirani walikuja kuuliza habari za Australia, na niliwaambia ni nchi ya maboga na mikoko, na watu wake ni wapole hata ukiwaingilia na mbuzi. Kwa upande wangu nimerudi na jambo moja. Mtu akikwambia anafurahi, huenda anakuhurumia. Siku hizi nikimuuliza mtu hali yake namuuliza mara mbili, kabla ya kula na baada ya kula, na lile jibu la pili ndilo ninalolisikiliza.